Usinitazame, Mahbuba

Shemeji yangu Thabit bin Suud alikuwa na tabia ya kufumba jicho la kushoto kila anapotazama kitu kilichompendeza. Wasiomjua walidhani anakonyeza. Tulipofika Maskati mwaka sitini na nne, wageni hata njia ya kisimani hatuijui, alimfumbia jicho mke wa jirani aliyekuwa akipita na mtungi, na mumewe akaja mlangoni kwetu ana bakora. Ilinibidi nitoke mimi, na Kiarabu changu cha Unguja kilichomchekesha kila mtu, nimweleze kuwa bwana huyu hana ubaya, ni maradhi ya kazi tu. Alikuwa mpiga sinema, na jicho lile amelifumba nyuma ya kamera mpaka limezoea. Jirani akaniuliza sinema ni kitu gani. Nikanyamaza, maana kwa jinsi nchi ilivyokuwa siku zile sikujua kama hata kulieleza neno lenyewe kunaruhusiwa.

Ndivyo mji ulivyokuwa. Jioni mzinga ukilia milango ya ukuta inafungwa, na ukitembea baada ya hapo sharti ushike fanusi uso wako uonekane. Sinema hakuna, umeme majumbani hakuna, na mtu anayening'iniza kamera shingoni angeulizwa maswali mengi. Thabit hakuwa na kamera ya kuning'iniza. Ya kwake ilibaki Unguja pamoja na nyumba, makabati, na picha zetu zote za ukutani.

Watu waliomjua baadaye husema alikuwa fundi. Ni kweli, alikuwa fundi. Mimi mpaka leo nina hasira na ufundi wake, na ndiyo sababu nimekaa kuyaandika haya.

Ufundi huo alipewa na mzee mmoja wa Kimarekani aliyefika Unguja, zama za Waingereza, kupiga filamu za televisheni ya kwao. Jina lake Crandall, sisi nyumbani tukamwita Bwana Karandali. Thabit aliajiriwa kumfasiria na kumbebea mizigo, na kila jioni alirudi na kisa kipya cha maisha ya yule mzee, akatusimulia mpaka chai ikapoa. Mzee alianza kazi akiwa kijana, sinema hazijasema bado, na kamera ikizungushwa kwa mkono kama cherehani. Alikuwa akiimba kimoyomoyo wimbo mmoja huo huo ili mkono usikimbie wala usichelewe. Aliwahi kufungwa kamba juu ya paa la gari la moshi apige watu wanaofukuzana kwa farasi. Sauti ilipoingia kwenye sinema, wakamtia yeye na kamera yake ndani ya kibanda kisicho tundu la hewa, mngurumo usisikike, na akitoka humo utadhani katoka kuoga. Kisha akazeeka, wenye kazi wakataka vijana, naye akahamia televisheni, wakampa safari za mbali ambazo wenzake hawakuzitaka. Ndipo akatua kwetu.

Mzee alikuwa na sheria moja tu, na Thabit aliishika kama mtoto wa chuoni anavyoishika aya. Mtu akiitazama kamera, kipande kile kimekufa, kikate. Zamani, katika ujana wake, walipiga vita vya uongo, farasi na watu chungu nzima, na mmoja wao huko nyuma kabisa akageuka akaitazama kamera. Mzee hakumwona. Sinema ilipoonyeshwa watu wakacheka mahali pa kulia, na yeye akafukuzwa kazi. Tangu hapo hakumsamehe mtu yeyote aliyemtazama. Alipoondoka Unguja alimwachia Thabit kamera yake ndogo ya kutia ufunguo kama saa, pamoja na sheria hiyo.

Sasa mwambie mtu wa namna hii ampige sinema dada yangu Mahbuba.

Mahbuba alikuwa mkubwa wangu, na hakuwahi kukaa kimya mahali pamoja tangu azaliwe. Kitu kidogo tu kilimchekesha, na akicheka alikutazama wewe, ili mcheke pamoja. Thabit alimwoa kwa kicheko kile, alikiri mwenyewe. Lakini siku aliyoleta kamera uani akamweka chini kama mwanafunzi. Akamwambia atunge yasmini zake, aoshe mchele wake, ambebe mtoto wao begani, afanye shughuli zake kama kwamba hakuna mtu.

"Usinitazame, Mahbuba," alimwambia.

"Sasa nimtazame nani?"

"Fanya kama mie sipo."

"Na upo," Mahbuba akasema, akageuka kumtazama, akaangua kicheko.

Siku nyingi zilikwenda hivyo. Yeye huyu anageuka, na yule nyuma ya kamera anaguna. Mimi nilikaa pembeni nikawacheka wote wawili. Filamu ilipelekwa Uingereza kuoshwa, pamoja na zile za kazini, ikarudi moja hiyo hiyo, haina nakala. Thabit akakaa nayo barazani ndani, mkasi mkononi na gundi ubavuni, akaipitisha kipande kwa kipande kwenye kioo chake kidogo cha kukuzia picha. Kila Mahbuba alipogeuka, akakata. Vipande vikaanguka sakafuni, na Mahbuba akavifagia mwenyewe pamoja na yasmini zilizokauka. Akaokota kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Nani huyu anacheka hivi?" akasema, akakitia kwenye taka pamoja na vyenzake.

Yaliyotokea Unguja Januari ya mwaka sitini na nne yamesemwa na wengi na mimi sitayarudia. Tuliambiwa tuchukue tunachoweza kubeba. Mimi nilichukua kopo la halua lililokuwa juu ya kabati, nikidhani lina halua, mtoto asilie njaa. Tukiwa melini nikalifungua nikakuta ile filamu ya uani. Nilimtukana Thabit mbele za watu, na yeye akalichukua kopo akalikumbatia. Wakati huo Mahbuba alikuwa keshashikwa na homa. Alifia njiani, kabla hatujaiona milima ya Omani, na baharini ndiko walikomzika. Muhsina, mwanawe, alikuwa bado ananyonya. Nilimchukua mimi, khalati yake, ndugu wa mama yake, na sikumwachia mtu tena.

Kwa hiyo tulifika Maskati bila kaburi na bila picha. Picha zote za Mahbuba zilibaki kwenye kuta za nyumba ambayo si yetu tena. Kilichobaki kwetu ni kopo.

Tulipata nyumba ndogo ndani ya ukuta wa mji, Thabit chumba cha nje karibu na mlango, mimi na mtoto ndani. Joto la Maskati halina mfano. Kuta zenyewe usiku hazishikiki. Thabit alijua joto huila filamu. Akalifunga kopo kwa nta pande zote, akalitia ndani ya chungu, akakiweka chungu chini ya jahla, ule mtungi wa udongo unaotundikwa penye upepo ili maji yapoe. Matone ya jahla yakawa yanakidondokea kile chungu mchana kutwa. Hakuna aliyeruhusiwa kulifungua kopo, hata yeye mwenyewe hakujiruhusu. Alisema likifunguliwa katika joto lile mara moja tu, basi. Nilimwambia tumekuwa watu wa kuwapoza maiti. Nilisema kwa uchungu, na alinisamehe.

Alipata kazi kambini kwa kampuni ya mafuta, kwa sababu Kiingereza alikijua. Kwanza alikuwa mtunza ghala, kisha wakagundua anaijua mashine ya kuonyeshea sinema, wakampa kazi ya kuwaonyesha wafanyakazi wao. Basi mtu yule, katika nchi isiyo na sinema, kila wiki alikuwa akionyesha sinema za Kimarekani ndani ya uzio. Akirudi alinisimulia. Hakunisimulia hadithi za sinema hizo. Alinisimulia mwanga umetoka upande gani, na jinsi ambavyo hata mtu mmoja hakuitazama kamera. Namna anavyolisema lile la mwisho, ungedhani anasifu watu kwa kuswali.

Nilimuuliza kwa nini asilichukue kopo akaenda kuonyesha kule kule kambini. Akanitazama kama niliyepungukiwa na akili. Mahbuba kwenye filamu yumo uani kwake, kichwa wazi, kanga kifuani. Mashine ile haikuwashwa bila fundi wa umeme, mwanamume, kuwa chumbani. Na mtoto mwanamke hangeingizwa kambini. Alikuwa na haki. Tukangoja.

Tatizo ni kwamba Muhsina alikuwa akikua, na mtoto akikua anauliza. Mama alikuwa vipi? Nilimweleza. Nilimwambia alikuwa na macho makubwa, pua ya kwetu, meno ya mbele yamepishana kidogo. Akanisikiliza, kisha akasema, "Hivyo ndivyo ulivyo wewe, khalati." Nikajaribu tena, na kila nikijaribu nikasikia mwenyewe kuwa namweleza mwanamke yeyote. Uso hauelezeki. Nilikwenda jikoni nikalia, kwa sababu mimi nilikuwa namwona Mahbuba wazi kabisa, pale nilipofumba macho, na sikuwa na namna ya kumpa mtoto nikionacho.

Na yeye hakufanana na mama yake hata kidogo. Alichukua kwa baba, mpaka kufumba jicho alimwiga.

Thabit ndiye aliyemtuliza. Alimpakata akamwambia asihangaike na maneno ya khalati, mama yumo ndani ya kopo, na siku moja atamwona. "Atakutazama," alimwambia. "Atageuka akutazame, acheke. Huwa hawezi kujizuia." Alilisema hilo mara nyingi, mwaka hadi mwaka, na kila akisema jicho lake la kushoto linajifumba. Hakuwa akimdanganya mtoto. Hilo nalijua. Mtu yule alikuwa anaona anachokisema.

Muhsina akaanza kujitayarisha. Alipokuwa mdogo alikwenda kuketi kando ya jahla akazungumza na chungu. Alipokua kidogo akaniuliza avae nini siku hiyo. Nikamwambia mama hatakuona wewe, wewe ndiwe utakayemwona. Akasema, "Baba kasema atanitazama." Nikaacha. Nikamshonea kanzu ya kijani, nikaibana kwa ndani ili niifungue kadiri anavyokua.

Mwaka wa sabini, mwezi wa Julai, akashika sultani mpya na nchi ikabadilika. Milango ikaachwa wazi, fanusi zikatupwa, watu wetu waliokimbilia Kuwait na kwengineko wakaanza kurudi na vitu ambavyo hatujawahi kuviona Maskati. Binamu yetu Harub alirudi na mashine ya umeme, akapanga nyumba Sib karibu na pwani, na usiku wa kwanza kuiwasha mtaa mzima ulikuja kutazama taa. Thabit hakutazama taa. Alimuuliza Harub kama mashine ile inaweza kuendesha na sinema.

Kambini walimwazima mashine ya kuonyeshea kwa siku moja. Tukaenda Sib kwa gari la Harub, chungu mapajani kwangu, Muhsina na kanzu yake ya kijani iliyofunguliwa mpaka mwisho. Baada ya alasiri Harub akawasha umeme, akatoka na wanaume wote wakaenda pwani. Chumbani tulibaki watatu: Thabit, mimi na mtoto. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukatundika shuka jeupe ukutani. Thabit akaikwangua nta kwa kisu. Akaifungua filamu, akainusa, akasema haijaharibika. Alhamdulillahi, nzima.

Ikaanza. Ua wetu. Nilipouona ule ua nilishika mdomo. Kisima chetu, kamba ya nguo, mti wa yasmini. Kisha Mahbuba akaingia, na mgongo wake ukapita karibu kabisa. Niliijua ile kanga. Akakaa akatunga yasmini, ameinama, nywele zimefunika shavu. Mikono yake tunaiona, vidole vinakwenda, vizuri mno, mwanga umetoka upande mmoja kama alivyopenda mzee Karandali. Akaosha mchele, ametupa kisogo. Akaanika nguo, na kila anapokaribia kugeuka, picha inaruka, tunamwona tena yuko mbali anakwenda zake. Akambeba mtoto begani akatupa mgongo, na mtoto, ambaye hangeielewa sheria ya mzee wala ya mtu mwengine, na baba hakumkata kwa hilo, akatutazama moja kwa moja kwa macho makavu. Muhsina alikuwa akijitazama mwenyewe. Mama yake kichwa kimegeukia kwengine.

Kisha shuka likawa jeupe.

Nilidhani kuna kipande kingine. Thabit naye alidhani. Alisimama kando ya mashine inazunguka tupu, mkia wa filamu unapiga tap tap tap, anangoja. Nilimwona anavyokumbuka. Nilimwona uso wake unavyobadilika, pale alipokumbuka mkasi.

Muhsina alikuwa mtu wa kwanza kusema. Aliuliza polepole, kama anayeogopa kukosa adabu.

"Baba, mama alikuwa kakukasirikia?"

Thabit aliushika mkia wa filamu usipige tena. Alizima mashine. Muhsina akanigeukia mimi.

"Ama kanikasirikia mimi?"

Nikamvuta kifuani nikamwambia hapana, mama alikuwa anacheka, alikuwa akigeuka kila mara, baba yako ndiye aliyemkataza. Nikasikia jinsi maneno yalivyotoka. Nikamtazama Thabit na hasira yote ya miaka ile, ya meli na ya nyumba na ya dada yangu aliyezikwa majini, ikapata mahali pa kwenda.

"Umeutupa uso wa dada yangu," nilimwambia. "Umeukata kwa mkasi ukautupa."

Alikaa chini sakafuni, chini ya dirisha tuliloliziba.

"Nilikuwa namwona, Nasriya," alisema. "Mimi nilikuwa namwona kila siku. Sikuwaza kuwa kuna mtu atakuja kumtaka asimpate."

Harub aliporudi na wanaume wakataka kujua ilikuwaje, tukasema nzuri. Tulirudi Maskati na kopo, na Thabit hakulirudisha chini ya jahla. Aliliweka rafuni tu, mahali popote, joto lifanye litakalo. Nikalichukua mimi nikalirudisha penye chungu. Mgongo wa dada yangu nao ni wake.

Siku zilizofuata mtoto aliswali, alikula, alisoma, hakuuliza tena kitu. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Mara nyingine nilimkuta uani amekaa ameinama na shughuli ndogo mkononi, nywele amezishusha upande mmoja. Nilidhani amechoka.

Mwisho wa mwaka ule ofisi mpya za serikali zilikuwa zinatafuta kila mwenye ujuzi, na mtu akalitaja jina la Thabit. Wakamwita, wakamuuliza maswali machache, wakampa kamera. Mtu ambaye alikuja Maskati na kopo sasa angepiga sinema mji huo huo mchana kweupe, na watu wakampisha njia. Majirani walikuja kumpongeza, hata yule wa bakora. Yeye alipokea pongezi kama mtu anayepokea rambirambi.

Wakamruhusu aje na kamera nyumbani aijaribu. Alikuja nayo asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, naona ua wote. Alimwita Muhsina akamwambia akae pale penye mwanga, na nikasikia sauti ambayo sikuisikia kwake tangu Unguja, sauti ya kubembeleza.

"Leo nataka unitazame, mwanangu. Mimi, hapa hapa. Usitazame pengine. Ukitaka kucheka, cheka."

Akafumba jicho la kushoto, akainama, na kamera ikaanza kunguruma.

Muhsina alikwenda akakaa. Alikuwa amevaa ile kanzu ya kijani, fupi kwake sasa. Akachukua sinia ya mchele niliyoiacha, akaiweka mapajani. Kisha akageuka polepole, kwa uangalifu mkubwa, akatupa kisogo. Akazishusha nywele zifunike shavu, akainama, akaanza kuchagua mchele, vidole vinakwenda vizuri. Alikuwa amejifunza kila kitu. Hata lile bega moja lililoinuka kidogo alilipata.

"Muhsina," Thabit alimwita. "Geuka, mama. Nitazame."

"Si ndivyo anavyokaa mama?" alijibu, hakugeuka.

Kamera iliendelea kunguruma. Sikujua kwa nini haizimi. Mzee Karandali angekuwa keshazima zamani. Thabit alikuwa ameegemeza paji lake la uso kwenye kamera na mabega yanatikisika, na mkono wake umebaki pale pale, umeshikilia. Mtoto akaendelea na mchele mpaka akasikia filamu imekwisha. Ndipo akauliza, bado mgongo wake kwetu:

"Nimefanya vizuri, baba? Hutanikata?"

Thabit alimwambia hatamkata. Nikaifunika sufuria nikatoka uani, nikaichukua sinia mikononi mwa mtoto, maana mchele ulikuwa umeshachaguliwa wote.